Gagaku ya Japani: dhana potofu kuhusu asili yake

"Gagaku, muziki wa kale wa kasri la Japani, ni Ujapani mtupu." Sivyo. Sheria ya mwaka 701 ilipounda idara ya muziki ya serikali, muziki wa China na wa falme za Korea ulifundishwa humo sambamba na nyimbo za wenyeji. Mwaka 752, sanamu kubwa ya Buddha ilipofunguliwa macho, yaani ilipozinduliwa kwa kuchorwa macho, katika hekalu la Tōdai-ji, Nara, aliyeongoza ibada alikuwa Bodhisena, mtawa kutoka India. Buttetsu aliyesafiri naye anatajwa kuwa mtu wa Champa, Vietnam ya leo, na muziki wa huko ulipigwa siku hiyo.

"Ni muziki wa ibada za Confucius." Jina huandikwa kwa herufi zilezile za muziki wa ibada za Confucius, mwanafalsafa wa China, basi watu hudhani ni kitu kimoja. Kilichotoka enzi ya Tang ya China hasa ni muziki wa karamu.

"Dansi za upande wa kushoto ni za Wachina, za kulia ni za Wakorea." Mgawanyo huu wa gagaku katika pande mbili ulipangwa Japani kwenyewe, karne ya 9. Kushoto kuliwekwa pia dansi za Champa na zinazonasibishwa na India. Kulia, za Bohai, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Korea. Tungo za Wajapani wenyewe nazo zikaingizwa humohumo. Mavazi ya kushoto huwa mekundu zaidi, ya kulia kijani. Kwa sikio ni rahisi pia: usiposikia shō, ala ya mianzi ya kupulizwa, uko upande wa kulia.

"Tunachosikia leo ndicho kilichosikika Tang." Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Biwa (ala ya nyuzi kama gambusi) ya nyuzi 5 iliyohifadhiwa Shōsōin, ghala la hazina la Tōdai-ji, yenye nakshi ya mpanda ngamia, haipigwi tena katika gagaku. Iliyobaki ina nyuzi 4. Ala zilizodumu nazo zina masharti yake. Shō ina mianzi 17, miwili haitoi sauti. Mvuke wa pumzi hutanda kwenye ndimi zake za metali, sauti ikapotoka au ikakatika. Ndiyo maana mpigaji huizungusha juu ya mkaa kabla ya kupiga, na tena akipumzika. Hichiriki ni ya ukoo wa zumari: ulimi wake wa tete hulowekwa kwenye chai ya kijani, kwani ukiwa mkavu haulii sawasawa.

"Baada ya hapo mlango ulifungwa kwa muziki wa nje." Mwaka 1874 wanamuziki haohao wa kasri walianza kujifunza muziki wa Ulaya. Mwaka 1880 lahani ya wimbo wa taifa, Kimigayo, ilitoka kwao, na Mjerumani Franz Eckert akaipangia sauti za kuambatana.