Jeni ni ileile lakini moyo wa kike na wa kiume hauitikii sawa

Watu wengi wakisikia moyo wa mwanamke na wa mwanaume una tofauti wanafikiria ukubwa tu, na kweli wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo kidogo na unapiga haraka zaidi, ila kuna jambo mi naona halisemwi vya kutosha, hata umeme wa moyo nao hauko sawa.

Kwenye kila pigo umeme unaingia vyumba vya chini vya moyo, halafu misuli yake lazima ijichaji upya ndo ipige tena. Muda wote huo, kuanzia umeme kuingia hadi kumaliza kujichaji, kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) tunauita QT. Watoto wa kike na wa kiume wanakaribiana sana hapo, lakini mvulana akishabalehe testosteroni inaifupisha QT yake, ya msichana inabaki ndefu. Ndo maana QT ikisharekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, mwanaume akivuka milisekunde 450 tunaanza kuuliza maswali, mwanamke ni 460.

Sasa ije jeni. KCNQ1 na KCNH2 zinasaidia kutengeneza vijimlango vya kutolea potasiamu kwenye seli za moyo, zikiwa na hitilafu moyo unachelewa kujichaji na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, mtu anaanguka na kuzimia. Mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana nafasi ya 50% kuirithi, wa kike kwa wa kiume. Ila baada ya kurithi mambo yanabadilika: hitilafu ya KCNQ1 huwa inawaletea shida mapema zaidi wavulana, mara nyingi wakiwa wanakimbia au wanaogelea, ile ya KCNH2 inawaandama zaidi wanawake watu wazima, hasa miezi ya baada ya kujifungua, na hata mlio wa simu au alamu unaweza kuichokoza.

Kinachoniuma ni kwamba wengine wanatibiwa kifafa miaka na miaka kumbe ni moyo, hakuna aliyewapima ECG!

Dawa nazo, kuna baadhi kama erithromaisini (antibiotiki) na haloperidoli (ya magonjwa ya akili) zinarefusha QT na wanawake ndo huathirika zaidi. Usiache dawa yako kienyeji lakini, we mwambie daktari kama umewahi kuzimia ghafla au kuna ndugu alifariki kijana bila sababu kujulikana, maana ukigundulika una hitilafu hii, dawa za beta bloka, zinazotuliza moyo, zipo na zinawasaidia wengi, na ndugu zako wa damu nao wapimwe, hata wasiojisikia chochote.