Tuzo za kitaaluma hazimfuati mtu
"Kizuri chajiuza," husema wengi, wakiamini kamati za tuzo huwasaka zenyewe watafiti bora. Sivyo. Nobel ya fizikia au kemia humfikia tu aliyependekezwa na watu walioalikwa na kamati, mwisho Januari 31. Anayewasilisha jina lake mwenyewe hahesabiwi. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vikuu vina ofisa wa tuzo. Kazi yake huanza miezi mingi kabla: kuchagua tuzo inayolingana na utafiti, kukusanya wasifu na machapisho machache yenye uzito, kisha kuomba barua za kumuunga mkono mtafiti kwa wataalamu wa nje ya chuo. Barua ndizo huwaangusha wengi. "Ni mchapakazi hodari" haisaidii kitu. Kamati inataka kujua amegundua nini, na nani sasa anautumia ugunduzi huo.