Je, wajua kompyuta ya kwantumu husahihishaje makosa isiyoweza kuyatazama?

Katika kompyuta ya kawaida, biti moja inaweza kulindwa kwa kunakiliwa mara tatu, ili nakala moja ikiharibika zile mbili zilizosalia ziishinde kwa wingi. Kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwantumu, hailindwi hivyo, kwa kuwa fizikia ya kwantumu hairuhusu hali isiyojulikana inakiliwe, na kitendo chenyewe cha kuipima huivuruga. Mwaka 1995 mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia ya kuisambaza taarifa ya kyubiti moja ndani ya tisa. Tangu hapo kinachopimwa ni uhusiano tu: kyubiti za ziada huulizwa kama majirani zao wanalingana au wanatofautiana, bila kufichua hali ya yeyote kati yao.

Ugumu unaanzia hapo. Majibu hayo ni dalili tu, dalili zilezile zinaweza kuletwa na makosa tofauti, na vipimo navyo hukosea. Anayeamua kosa liko wapi ni king'amuzi, yaani programu inayosoma dalili za mizunguko mingi ya vipimo kwa pamoja, nami naona husifiwa kidogo mno kuliko chipu. Mwaka 2024 Google DeepMind walitangaza AlphaQubit, king'amuzi cha mtandao wa neva (aina ya akili mnemba) kilichofunzwa kwa data ya chipu ya Sycamore. Kilikosea kwa takriban asilimia 6 pungufu ya mbinu sahihi lakini ya polepole mno, na asilimia 30 pungufu ya mbinu ya haraka. Hata hivyo, nacho chenyewe hakikuwa na kasi ya kutosha kufanya kazi papo hapo, ilhali chipu hutoa dalili mpya kila baada ya mikrosekunde moja hivi.

Ukubwa nao husaidia, ila kwa sharti: kyubiti zikiwa na makosa mengi kupita kiwango fulani, kuziongeza huzidisha makosa. Chipu ya Willow ya Google, yenye kyubiti 105, ilivuka kizingiti hicho mwaka 2024. Gridi ya kyubiti zinazobeba taarifa ilipopanuliwa kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, kila hatua ilipunguza makosa kwa zaidi ya nusu, hadi asilimia 0.143 kwa mzunguko. Kwa mwendo huo, kufikia kosa moja katika mizunguko milioni kungehitaji gridi ya 27 kwa 27, yaani, pamoja na zile za ziada za kupima, kyubiti 1,457 za kulinda moja tu.