Kabla Hujaita Stoo Makavazi

Mzee alifika ofisini kwangu, katika makavazi ya chuo ninakohifadhi nyaraka za zamani, asubuhi moja ya Juni, kusi imeshika, ngazi zimelowa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi, akatoa bahasha ya kaki kifuani. Alichotaka ni barua moja tu: chuo kithibitishe kwamba alisoma pale miaka ya 1970. Cheti chake kiliingia maji, na waliokuwa wakishughulikia malipo yake ya uzeeni hawakukubali neno la mdomo. "Mwanangu, mimi hapa nimesoma. Hata ule mwembe wa nje nimeuona ukipandwa." Nikamwomba anipe wiki moja. Zikawa tano.

Jalada lake lilikuwapo. Mchwa hawakuligusa. Lilipotea likiwa mle mle ndani. Miaka kadhaa kabla sijaajiriwa, mtu mwenye nia njema kabisa aliamua kuipanga stoo. Akayatoa majalada ya wanafunzi katika mafungu ya idara zao, akayachanganya, akayapanga upya kwa alfabeti ya majina. Na hapa ni Mombasa! Akina Ali Mohamed rafu yao, akina Mohamed Ali rafu yao, kisha Muhammad na Mohammed, Swaleh na Saleh, Khadija na Hadija. Karani mmoja alichukua jina la baba kuwa la mwisho, mwingine akachukua la babu. Mwenye alfabeti hakukosea herufi hata moja, na bado alikuwa amezika watu.

Mzee wangu nilimpata kwa mlango wa uani. Jalada la idara lilikuwa limebaki na orodha ya zamani ya matokeo, ambayo hakuna aliyeihangaikia kwa kuwa ilionekana takataka. Pembeni mwa jina lake palikuwa na namba ya usajili. Namba ikanipeleka kwenye rejista ya kupokea wanafunzi, rejista ikanipeleka kwenye jalada, nalo lilikuwa limewekwa kwa jina la babu yake.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa nasaba. Kijana akitajwa, tunauliza: wa nani huyo? Waraka nao huulizwa hivyo hivyo: umetoka ofisi gani, kwa shughuli gani, ulikaa na nani jaladani. Ukiung'oa hapo, maandishi yanabaki lakini ushahidi unapungua. Wafaransa waliiandika kanuni hii mwaka 1841: nyaraka za ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine. Prussia ya Ujerumani mwaka 1881 ikaongeza kwamba mpangilio ule ule ambao ofisi iliutumia uheshimiwe. Kazi yangu yote imesimama juu ya mambo haya mawili, na sijaona sababu ya kuyaacha.

Vyuo vyetu vinaihitaji zaidi nasaba hiyo kwa sababu vinabadili majina. Tazama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ambacho si chuo cha mkasa wangu. Kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ile MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education) ambayo wazee wetu bado wanaitaja. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Mtu aliyesoma mwaka 1968 na aliyesoma 1998 wana vyeti vyenye majina tofauti, ilhali wamepita lango moja. Katika hali kama hii mhifadhi huandika historia fupi ya kila jina na tarehe zake, kisha huacha kila fungu chini ya jina lililolizaa. Kubandika jina jipya juu ya majalada ya zamani kunapendeza macho, lakini ni kuwapa watoto baba asiye wao.

Sasa kuhusu kutupa, maana hili ndilo linalowatisha wengi. Chuo hakiwezi kuweka kila karatasi. Vijitabu vya majibu ya mtihani vina umri wao, na ukiisha viondolewe. Orodha ya matokeo iliyopitishwa na Senati ya chuo, kumbukumbu za mikutano ya Baraza lake, rejista za wanafunzi na orodha za mahafali hazina umri: hizo ni za kudumu. Umri wa kila aina huandikwa kwenye ratiba ya uhifadhi, na ratiba hiyo ipitishwe rasmi, isiwe kichwani mwa karani. Sheria ya Makavazi ya Kenya, Sura ya 19, hairuhusu rekodi za umma kuharibiwa bila idhini ya Mkurugenzi wa Makavazi. Upande wa pili, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitaki taarifa za watu binafsi zikae kupita haja yake. Kwa hiyo kuchoma nyuma ya jengo ni kosa, na kurundika milele ni kosa. Kinachoondolewa kiandikwe orodha, na orodha hiyo isitupwe kamwe. Familia ijue nani amefariki.

Hewa yetu nayo ni adui wa kila siku. Unyevu wa Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70, na karatasi inataka chini ya 55. Pini na stepla hushika kutu na kula ukurasa. Nazitoa moja moja. Rafu ziwe za chuma chenye rangi, ziachane na ukuta, na ya chini kabisa ipande kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kinaumiza kuliko feni inayozunguka usiku na mchana, kwa sababu karatasi huvuta unyevu na kuuachia kila siku mpaka inachoka. Na tafadhali, cheti halisi usikitie plastiki ya moto pale dukani. Kile hakivuliki tena.

Kuskani kunasaidia, nami naipenda kazi hiyo. Lakini nimepokea diski yenye maelfu ya picha zinazoitwa kwa namba za mashine tu, bila idara, bila mwaka. Ile ni stoo ya alfabeti imerudi kwa umbo lingine. Kila picha ipewe namba ya usajili, ofisi ilikotoka na jalada ilimokuwa, na nakala moja ikae nje ya jengo.

Mzee alikuja kuchukua barua yake akiwa na mjukuu. Aliomba aone rejista, nikamfungulia. Aliweka kidole juu ya jina lake, akanyamaza kwa muda mrefu, mjukuu akimtazama.

Kwa makatibu wa idara mnaohama ofisi mwaka huu: msifunge majalada kwa kamba na kuyashusha chini. Niiteni kwanza, yakiwa bado kabatini. Nikikosekana, andikeni hata kwa kalamu: kabati la tatu, rafu ya pili, ofisi ya mkuu wa idara. Karatasi hiyo iwekeni juu ya boksi, nitaipokea pamoja na majalada.