Ukuta wa chini ya ardhi kuzuia maji: yanayosemwa kwenye mijengo ya Mombasa, na yalivyo

Shimo liko Tudor, hatua chache kutoka horini. Lilichimbwa liwe besimenti ya kuegesha magari, na tangu lipite mita ya nne pampu mbili hazijapumzika. Mlinzi wa usiku, kwa kukosa la kufanya, amechora mistari ya chaki kwenye jiwe. Bahari ikijaa, baada ya muda maji ya shimoni nayo yanapanda, ikipwa, yanashuka. Mstari wa bamvua, bahari inapojaa sana, umeupita ule wa maji mafu, inapojaa kidogo, kwa zaidi ya shubiri.

Mwenye kiwanja alitazama mara moja akasema, "Pigeni ukuta wa zege pande zote nne, yaishe." Maneno hayo machache yamebeba karibu kila dhana potofu ninayoisikia kuhusu kazi hii.

Ya kwanza ni kwamba ukuta lazima uwe wa zege. Kama kazi yake ni kuzuia maji tu, mara nyingi zege haihitajiki. Huchimbwa handaki jembamba, upana wa mita 1 au chini yake, na linapochimbwa hujazwa uji wa bentonaiti, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Uji huo ndio unaoshikilia kingo zisiporomoke: huwekwa juu kuliko usawa wa maji ya ardhini, ukasukuma nje na kuacha utando kwenye kuta za handaki. Kisha udongo uliochimbwa huchanganywa na bentonaiti na kurudishwa humo humo. Ukuta unaotoka ni laini, na ardhi ikicheza kidogo haupasuki. Zege huingia pale ukuta unapotakiwa kubeba udongo pia, kama ule wa World Trade Center kule New York, uliojengwa kwa uji huo huo miaka ya 1960 kuzuia maji ya mto Hudson.

Ila sisi tuko ukingoni mwa bahari, na bentonaiti na chumvi haviivani. Jaribu mwenyewe kwa vikopo viwili. Kwenye maji ya mfereji poda inavimba na kuwa kama uji wa mtoto. Kwenye maji ya bahari inaganda vipande vipande na kuzama, juu yakabaki maji matupu. Ndiyo maana penye chumvi uji hukorogwa kwa maji matamu kwanza, au hutumika aina nyingine ya udongo, atapulgaiti, isiyojali chumvi.

"Ukuta ukishashuka, maji hayapiti." Yanapita chini yake! Ukuta hufaa pale tu unapochomekwa kwenye tabaka lisilopitisha maji. Upande wa Changamwe kuna mwamba wa tope wa aina hiyo. Nyali na ukanda wa mashariki wa kisiwa ni matumbawe, na ukitaka kuyajua matumbawe, nenda kaangalie handaki la Fort Jesus lililochongwa humo humo: jiwe limejaa vitundu, vingine vya kupitisha kidole, vingine mkono mzima. Handaki lako likikutana na pango, uji unatoweka ghafla na kingo zinaanguka. Kwa hiyo hutobolewa matundu ya uchunguzi kwanza, na mapango hujazwa saruji kabla mtambo mkubwa haujagusa ardhi. Wajapani wamejenga mabwawa ya chini kwa chini, yaani kuta zilizozikwa za kuzuia maji ya ardhini, kisiwani Miyako, kwenye matumbawe kama haya yetu. Lile la Sunagawa, lililokamilika 1993, lina ukuta wa mita 50 hivi kwenda chini. Waliweza kwa sababu chini ya matumbawe yao kuna tope gumu la kuchomekea.

"Chumvi inatoka upande wa bahari, basi ziba upande huo." Hii husemwa na wenye visima vilivyoingiwa na chumvi. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa lita 1 ya bahari ina uzito wa kama gramu 1,025. Hesabu inayotoka hapo ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita 40 hivi chini yake. Ukivuta mpaka ushushe nusu mita tu juu, chumvi itapanda kama mita 20 kutoka chini, hata kama haitafika siku hiyo. Visima vya zamani vya misikitini vilichotwa kwa ndoo, juu juu, vikadumu. Kisima kirefu chenye pampu ya umeme kinaifuata chumvi iliko, na ukuta wa pembeni hauna la kufanya.

Jirani naye husahaulika. Maji yanayoshuka kuelekea baharini yakikuta ukuta yanajikusanya upande wa juu, na mtaani kwetu upande huo kuna mashimo ya choo. Yakipanda, mwenye choo ndiye atakayejua wa kwanza.

Na hata ukuta ukikamata vizuri, besimenti tupu iliyozama majini inataka kuelea kama mtumbwi. Maji yanaisukuma sakafu kutoka chini, kwa hiyo lazima iwe nzito au ifungwe kwa nguzo zilizozikwa.

Pale Tudor walitoboa matundu matatu. Yote yalishuka mita 25 ndani ya matumbawe na mchanga bila kugusa tope. Mwenye kiwanja alinung'unika siku mbili, kisha akafuta ghorofa moja ya chini kwenye ramani, na magari sasa yataegeshwa usawa wa barabara.