Darasa Geuzi: Video Ndiyo Sehemu Nyepesi

Mwaka 2007, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika sekondari ya Woodland Park, mji mdogo wa milimani huko Colorado, Marekani, walichoka kurudia somo lilelile kwa wanafunzi waliokosa vipindi kwa sababu ya safari za michezo. Wakaanza kurekodi maelezo yao. Haikuchukua muda swali likawajia: ikiwa maelezo yanasikilizika nyumbani, kipindi kina kazi gani? Wakageuza utaratibu. Maelezo yakahamia nyumbani, maswali na majaribio yakafanyiwa darasani, mwalimu akizunguka mezani.

Hilo ndilo darasa geuzi. Katika mafunzo kazini, walimu wakilisikia hukimbilia kuuliza habari za kamera na intaneti. Lakini Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikwisha kuwataka wanafunzi wake wasome kabla ya kipindi tangu miaka ya 1990, kwa kitabu tu. Darasani aliwapa swali la kuchagua, kila mmoja akajibu, wakabishana na jirani, kisha wakajibu tena.

Tuchukue somo linalosumbua kidato cha tatu na cha nne: kupima asidi dhidi ya besi kwa bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama za ujazo na koki chini, unaodondosha asidi kidogo kidogo kwenye flaski yenye besi hadi besi yote imalizwe nguvu. Kwa kawaida vipindi viwili mfululizo, dakika 80, huliwa na mwalimu akiandika hatua ubaoni, wanafunzi wakinakili. Bureti inashikwa dakika za mwisho, watu sita kwa moja. Ukigeuza, hatua zile zinasomwa jana yake, na kipindi kinaanza kwa swali: flaski imesuuzwa kwa maji safi, matone yamebaki ndani, kisha ukamiminia sentimita za ujazo 25 za besi. Je, asidi itakayotumika itaongezeka, itapungua, au itabaki ileile?

Wengi watasema itapungua, kwa kuwa besi imezimuliwa. Waache wabishane. Kiasi cha besi iliyomo hakijabadilika, kwa hiyo asidi itakayotumika inabaki ileile. Sasa uliza swali hilohilo kuhusu bureti. Hapo matone ya maji yanaizimua asidi yenyewe, na itahitajika nyingi zaidi. Aliyebishania jambo hili ataelewa kwa nini bureti husuuzwa kwa asidi na flaski kwa maji tu. Aliyenakili atakariri, na siku ya mtihani wa vitendo atachanganya.

Vifaa? Tanzania, walimu wengi waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, na kishikwambi kinarekodi vizuri tu. Dakika saba zinatosha. Dhana moja, si mada nzima. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, basi video ioneshwe ukumbini wakati wa prepo, au toeni karatasi ya kurasa mbili yenye maswali matatu. Mimi ningeanza na karatasi. Ina faida moja zaidi: sayansi ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayepitwa mwalimu anapozungumza anaweza kuirudia aya mara nne, akiwa na kamusi, bila kuchekwa na mtu.

Kuhusu wale watakaokuja bila kusoma, na watakuwepo, kosa ni kulifundisha somo upya kwa ajili yao. Ukifanya hivyo mara mbili, darasa zima litajua kwamba kusoma si lazima. Waweke meza ya pembeni na karatasi yao kwa dakika 15, wengine wakiendelea na bureti, kisha wajiunge na wenzao. Ila muulize kila mmoja kimyakimya kwa nini hakusoma. Anayekwenda kuteka maji jioni, au ambaye nyumbani kwao hakuna taa, anahitaji nafasi ya kusomea shuleni kabla ya kuondoka, si adhabu.