Mguu Ukiteguka, Usichue: Majibu kwa Wachezaji wa Kukodiwa

Fedha za korosho zikianza kuingia, kila kijiji kinaandaa kombe lake. Vijana wanakodiwa: leo Tandahimba, keshokutwa Newala, Jumapili Masasi. Malipo ni kwa mechi, asiyecheza hali. Sisi wa chumba cha mifupa tunawapokea baadaye wakichechemea, na tatizo letu ni hilo neno "baadaye". Wengi wanafika wiki ya pili au ya tatu.

Dokta, kuteguka na kuvunjika vina tofauti gani?

Kuteguka ni ligamenti, yaani kamba zinazoshika mfupa na mfupa, kuvutika au kuchanika. Kuvunjika ni mfupa wenyewe kupata ufa au kuachana. Vyote vinavimba na vyote vinauma, kwa hiyo usijipime kwa macho.

Kama naweza kukanyaga, si ina maana sijavunjika?

Hapana. Kukanyaga peke yake hakutoshi. Ukishindwa kupiga hatua 4, unahitaji eksirei. Ukiweza kuzipiga lakini mfupa wa kifundo ukibonyezwa unaruka kwa maumivu, bado unahitaji eksirei. Mwache mtu aliyesomea aubonyeze, asiwe golikipa wenu.

Basi nichuliwe kwanza, nisipopata nafuu ndiyo nije?

Hapana. Usichue. Ukiumia, mishipa midogo ya damu imepasuka na inavuja ndani. Ukichua unaifungua upya kila inapotaka kuziba. Mguu uliochuliwa siku tatu tunautambua kabla mwenyewe hajaongea: ngozi inang'aa kwa uvimbe, inanuka mafuta, na alama za vidole gumba zimebaki juu ya kifundo. Kama ndani kulikuwa na ufa tu, mchuaji anaweza kuusogeza, na mfupa ambao ungetulia kwenye hogo, yaani plasta ngumu, sasa unadai upasuaji. Paja lililopigwa goti nalo likichuliwa likiwa bichi, linaweza kuota mfupa katikati ya nyama. Tumeuona kwenye picha.

Mchuaji wetu ni mzoefu, amewachua hata wachezaji wa ligi kuu.

Usichue.

Na maji ya moto tu, bila mafuta?

Siku 3 za mwanzo, hapana. Joto linaongeza uvimbe. Weka ubaridi: chupa ya maji iliyoganda, izungushie kipande cha kanga, dakika 15 hadi 20, kisha rudia kila baada ya saa 2 au 3. Funga bandeji bila kukaza, inua mguu juu ya mto. Mtu anaishi hatua chache kutoka soko la samaki, barafu imejaa mabeseni, halafu anachemsha maji! Hilo bado linanishinda.

Na mafundi wa kuunga mifupa kwa vijiti?

Hapa naomba unisikilize vizuri. Vijiti vikibana, uvimbe unakosa pa kwenda na damu haipiti. Msuli ukikosa damu saa chache tu unaanza kufa. Vidole vikipoa, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata umelala, fungua hivyo vijiti saa hiyo hiyo na utafute gari. Usisubiri kukuche, usisubiri fundi arudi. Mguu unaweza kukatwa.

Kuna duka wananichoma sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, nacheza dakika zote 90. Kuna ubaya gani?

Sindano haijatibu kitu, imenyamazisha kengele. Moto unaendelea kuwaka, wewe unakimbia juu yake. Goti lililochanika ligamenti ya ndani ukilichezea, linakata na mto wa gegedu uliomo ndani, na huo haukui tena kirahisi. Dawa yenyewe inakwangua tumbo, na kwa mtu aliyetoka jasho jua zima bila kunywa maji inaumiza figo. Sindano ya makalio ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa wa fahamu, ukaburuza mguu huku kifundo chenyewe kilikuwa kimeteguka kidogo tu.

Mbona Tiger Woods, yule mcheza gofu, alishinda na goti bovu?

Hili nililetewa na kijana mmoja kwenye simu, na nashukuru aliuliza. Ni kweli. Juni 2008, kwenye uwanja wa Torrey Pines huko Marekani, Woods alishinda mashindano ya gofu ya US Open akiwa na ligamenti ya goti la kushoto iliyochanika na nyufa mbili kwenye mfupa wa muundi. Alicheza mashimo 91. Lakini soma mpaka mwisho: siku chache baadaye alipasuliwa goti na hakushindana tena mwaka ule. Yule alijua alichonacho, alikuwa ameshapimwa na madaktari walikuwa wakimsubiri. Tena gofu hakuna beki anayekuja kukukwatua. Wewe hujapiga hata picha moja.

Ila kijana huyo namwelewa. Wacheza gofu nao huzunguka mji hadi mji, na katika mashindano mengi anayeshindwa kuvuka mchujo baada ya siku 2 anaondoka bila senti, nauli imekwisha. Njaa ya kukosa malipo ni ile ile. Goti halijui.

Nimeumia Newala, timu inarudi Mtwara usiku. Nifanyeje?

Pita hospitali ya wilaya pale pale. Ukiwa karibu na Ndanda, nenda hospitali ya Ndanda. Ukifika mjini Mtwara, hospitali ya Ligula. Lindi mjini, Sokoine. Njiani nyoosha mguu juu ya kiti, usiuninginize. Goti lililolia "ta!" na kujaa ndani ya saa 2 halisubiri mwisho wa wiki.

Nitarudi uwanjani lini?

Kifundo kilichoteguka kidogo, wiki 2 hadi 6. Jaribio rahisi: ruka kwa huo mguu mmoja mara kadhaa bila maumivu na bila kuyumba. Ligamenti ya goti iliyopasuliwa, hesabu miezi 9 au zaidi, na mazoezi kila siku. Kocha akikuambia miezi 3, mwombe yeye aingie namba tisa.

Nikija, nije na nini?

Kadi ya bima kama unayo, majina ya dawa na sindano zote ulizopewa, hata zile za dukani unazoona aibu kuzitaja, na saa uliyoumia. Na mguu ambao hajaugusa mtu.